Mbona moyo wa kuku hudunda hata ukishatolewa?
Ndugu, uliyeuliza kuhusu moyo wa kuku kurukaruka kwenye sinia: moyo hausubiri amri ya ubongo. Kwenye ukuta wa chemba (chumba) ya juu ya kulia ya moyo kuna seli zinazojizalishia umeme zenyewe, kwa mtu mzima aliyetulia mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kwa moyo uliotolewa, nguvu iliyobaki kwenye seli ikiisha, ndipo hunyamaza. Umeme huo hubana chemba za juu, kisha hucheleweshwa katikati kama sehemu ya kumi ya sekunde ili damu ishuke kwanza (ufundi wenyewe uko hapo), ndipo za chini zibane. Neva (nyuzi zinazopeleka ujumbe wa ubongo) kazi yake ni kuongeza au kupunguza kasi tu. Hata moyo uliopandikizwa, neva zimeshakatwa, hudunda vizuri, tena mbiombio kuliko wa kawaida mtu akiwa amepumzika.