Neema, Cork kwanza izunguke na basi, nyumba baadae

Mwanangu Neema,

Meseji yako nimeiona, umeuliza "mama we uliyekaa Cork huko Ireland miaka yote ile, mi nikifika Septemba kusoma chuo kikuu cha UCC nikae mjini au huko pembeni, na mji wenyewe nitauzoeaje?" Nilitaka nikurekodie voisi ila nakujua, utasikiliza nusu uache, kwa hiyo nakuandikia, soma taratibu.

Jibu fupi ni kwamba usichague nyumba ukiwa Mwanza. Tafuta chumba cha muda mjini, wiki chache tu, uzunguke kwa mguu na kwa basi halafu ndo uamue. Najua wenzako watakwambia nyumba hakuna shika yoyote utakayoiona, na ni kweli shida ya nyumba Ireland ni kubwa hata wenyewe wanalia, ila ukishika yoyote utajikuta juu ya kilima unapanda na mizigo kila jioni, au umekaa mahali ambapo basi la mwisho likishapita ndo basi tena.

Sasa mji wenyewe. Katikati ya Cork ni kisiwa. Mto Lee ukifika mjini unagawanyika mikono miwili, wa kaskazini na wa kusini, halafu inakutana tena ikielekea bandarini, na kilichobaki katikati ndo mjini kwenyewe, maduka, benki, stendi ya basi pale Parnell Place. Zamani ndani ya kisiwa kulikuwa na mifereji kibao, vyombo vinaingia mpaka milangoni kwa wafanyabiashara, wakaja kuifunika kidogo kidogo, ndo maana Patrick Street imepinda vile, inafuata maji yaliyofunikwa chini yake. Nenda South Mall uangalie yale majengo ya zamani, utaona ngazi za mawe zinapanda hadi mlango wa juu, na chini ya ngazi kuna mlango mwingine, huo wa chini ulikuwa wa boti. Watu wanapita hapo na kahawa mkononi wala hawageuzi shingo.

Nakwambia hayo kwa ajili ya nyumba, usidhani nakupa historia. Kisiwa kiko chini sana, bahari ikijaa na upepo ukisukuma maji yanapanda mpaka mtaani, wenye maduka wa Oliver Plunkett Street wanalijua hilo vizuri. Novemba 2009 mto ulifurika majengo ya chini ya UCC yakaingia maji, na mtambo wa kusafisha maji wa Lee Road nao ukazama, sehemu kubwa ya mji ikakaa siku kadhaa bomba kavu, yani nje mafuriko ndani huna hata ya kupikia chai. Kwa hiyo ukionyeshwa chumba cha chini karibu na mto angalia pembeni mwa mlango kama kuna vyuma vya kuchomekea ubao wa kuzuia maji. Ukiviona ujue havikuwekwa kwa urembo.

Ukivuka daraja la St Patrick's kwenda kaskazini unakutana na mlima hapo hapo, Patrick's Hill imesimama kama ukuta, ukifika juu unahema lakini mji wote uko miguuni kwako. Huku ndo kuna Shandon na kanisa la St Anne la mwaka 1722, mnara wake una saa pande nne na kila upande unasoma muda wake, wenyeji wanauita mwongo mwenye nyuso nne. Wageni wanaruhusiwa kupiga kengele wenyewe, kwa hiyo usishangae kusikia wimbo unaoujua unapigwa vibaya saa sita mchana.

Kaskazini watakuogopesha, Knocknaheeny, Gurranabraher, Mayfield, utaambiwa usikae huko. Mi siwasikilizi. Kuna mitaa ya kuangalia kama mji wowote, ila watu wa kule wanasalimia, wanakuuliza umetoka wapi na wanasubiri jibu, na kodi mara nyingi inakuwa na nafuu. Apple wenyewe wako Hollyhill, huko huko kaskazini, tangu 1980. Na Roy Keane wa Man United amekulia Mayfield, baba yako kuhusu Cork nzima hakutaka kujua kitu kingine zaidi ya hicho. Tatizo la kule kwako wewe ni chuo, UCC iko magharibi ya mji, mara nyingi itabidi ushuke mjini ubadili basi.

Kusini na magharibi ndo wanafunzi wengi wanakokaa. College Road na Western Road unatembea kwa mguu hadi darasani ila bei ni ya kuumiza na kelele za wanafunzi usiku utazisikia. Wilton na Bishopstown ziko mbele kidogo, kuna hospitali kubwa ya CUH, kipilefti cha Wilton asubuhi hakipitiki lakini kurudi kwa miguu inawezekana. Douglas pazuri, pana maduka yote, ila ni pa familia na magari, jioni mtu mgeni asiye na gari unaweza kukaa wiki nzima hujaongea na mtu zaidi ya yule wa kaunta.

Mi ningekuwa wewe ningeangalia Ballincollig. Ilikuwa mji wake wenyewe, mwaka 2019 mipaka ya jiji ilipotanuliwa ndo ikaingizwa Cork, pamoja na Douglas, Blarney na Glanmire. Basi namba 220 linapita saa 24, hata ukitoka maktaba usiku wa manane unafika, na pembeni ya mto kuna bustani kubwa palipokuwa kiwanda cha baruti cha 1794, kilifungwa 1903, magofu bado yapo kwenye miti unatembea katikati yake. Kapande hilo 220 siku moja mpaka mwisho, kaa juu mbele, utauona mji wote kwa nauli moja. Konda hakuna, unagusisha Leap Card, kadi ya nauli, ya mwanafunzi ni nafuu, na ukishuka unamwambia dereva asante, kila mtu anasema, usiposema wewe wataona.

Kuna wanaokaa Cobh pia, treni kutoka stesheni ya Kent pale Cork ni kama dakika 25, halafu pale Kent unachukua basi namba 205 hadi chuo. Pazuri kwa macho, ndo bandari ya mwisho Titanic ilisimama Aprili 1912, lakini kwa mwanafunzi naona mbali, nenda Jumapili urudi.

English Market nakuagiza uende wiki ya kwanza, ipo tangu 1788, kaingilie mlango wa Princes Street. Utumbo unauzwa! Ila wenyewe wanauchemsha na maziwa na vitunguu, sijui nani aliwafundisha. Nunua ukapike supu yako nyumbani, limau na pilipili, watakaokaa na wewe wataelewa baadae.

La hela sasa. Usitume hata senti kabla hujaiona nyumba na kushika funguo, matapeli wanawawinda wageni kama nyie. Tangu 2021 sheria inasema mwenye nyumba asichukue mwanzoni zaidi ya kodi ya mwezi mmoja na dhamana ya mwezi mmoja, akitaka miezi sita mwachie nyumba yake. Na ukipanga chumba ndani ya nyumba anayokaa mwenyewe, ujue haki zako zinakuwa ndogo kuliko za mpangaji wa kawaida, uliza mapema kama unaruhusiwa kupika na kama wikiendi upo au unaondoka, wengine wanakodisha Jumatatu hadi Ijumaa tu.

Mwavuli usibebe, upepo utauvunja, nunua koti lenye kofia ukifika. Na kabla hujalipa popote nitumie jina la mtaa, usiku au mchana, nikwambie kama kuna mlima.

Mama yako