Akiki, akika au hakiki?

SWALI: Sonara mmoja hapa Ujiji ameniuzia pete ya fedha yenye jiwe la milia ya kahawia, nyeupe na rangi ya chungwa. Yeye huliita "akika". Mwenzangu anasema ni "hakiki". Binti yangu ameandika "ageti" kwenye daftari la jiografia. Lipi ni sahihi? Na je, akiki si lazima iwe nyekundu?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Andika akiki. Akika ni mnyama anayechinjwa kwa ajili ya mtoto mchanga, aghalabu siku ya saba, pamoja na karamu yake. Ukitangaza Ujiji kwamba umenunua akika, utaulizwa mtoto amezaliwa lini.

Sonara hakukosea bure, kwani maneno hayo ni ndugu. Katika Kiarabu yote mawili yana mzizi mmoja wenye maana ya kupasua. Kiswahili kiliyapokea kwa milango miwili: neno lililoishia kwa konsonanti likaongezewa i, kama rafiq lilivyokuwa rafiki, na hivyo aqiq likawa akiki; na lile lililokuwa na a mwishoni likabaki nayo, kama daqiqa lilivyokuwa dakika, na aqiqa akika. Irabu moja ndiyo inayotenganisha kito na mbuzi.

"Hakiki" ni ukoo mwingine kabisa, wa haki na hakika. Aqiq huanza kwa ile sauti ya kooni ya Kiarabu ambayo Kiswahili huimeza na kubakiza irabu tu: akili, ajabu, adui. Hakuna h ya kudai hapo. (Kuhakiki akiki inawezekana, na nitaeleza namna.)

Ngeli yake ni I-ZI: akiki hii, akiki zangu mbili. "Akiki hili" husikika kwa sababu msemaji ana jiwe kichwani. Basi alitamke, "jiwe hili la akiki".

Ageti limepitia Kiingereza kutoka Kigiriki, kwa jina la mto Achates wa kisiwa cha Sicily, Italia, ambao Theophrastus, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliutaja. Si kosa darasani, ila sioni faida ya kukopa tena kitu tulichokwisha kukopa.

Kuhusu wekundu, una sababu ya kuuliza. Kwa muda mrefu akiki iliyojulikana pwani ilikuwa ile nyekundu, hasa shanga kutoka Khambhat, Gujarat, India, ambako mawe huchomwa ili rangi ikolee. Katika Biblia, Ufunuo 4:3, "yaspi na akiki", inayokusudiwa ni hiyo nyekundu. Lakini nyekundu na ya milia ni madini yaleyale, kalsedoni, yaani kwatzi ya chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Kwa hiyo yako iite akiki ya milia. "Mistari" ni ya daftari. "Tabaka" linafaa unapoeleza chanzo: maji yenye silika (kitu kinachounda kwatzi) hupenya kwenye mapovu yaliyoachwa na gesi ndani ya lava iliyopoa, silika ikaganda tabaka baada ya tabaka kufuata umbo la tundu, na chuma kidogo kikaipa rangi. Ndiyo maana milia hujipinda pamoja na ukingo wa jiwe. Na wekundu peke yake si ushahidi: ushanga mwekundu wa samesame, uliobebwa na misafara ya karne ya 19 kupitia Tabora hadi Ujiji, ulikuwa wa kioo.

Sasa kuhakiki. Ugumu wa akiki ni 6.5 hadi 7 kwa kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kinachoanzia 1 hadi 10, kwa hiyo ncha ya kisu cha kawaida haiichori. Jaribu pembezoni, karibu na fedha. Ukiona alama ya kijivu, ifute kwanza. Ikifutika ni chuma cha kisu kilichosagika juu ya jiwe. Mfereji ukibaki, huenda ni jiwe la chokaa lenye tabaka, ambalo wauzaji hupenda kuliita oniksi, ingawa oniksi halisi ni ya jamii ya akiki: tone la siki kwenye mchoro huo litatoa povu dogo. Vipovu vya duara ndani, vikionekana kwa lenzi, ni vya kioo. Buluu kali au waridi ya kung'aa kwa kawaida ni rangi ya kutiwa, na hukolea kwenye nyufa. Weusi nao hutengenezwa: jiwe huloweshwa katika maji ya sukari, kisha asidi ya salfa huigeuza sukari kuwa kaboni. Mafundi wa Idar-Oberstein, Ujerumani, walijulikana kwa kazi hiyo tangu karne ya 19.

Wapo watakaokuambia inakinga kijicho. Plinio, mwandishi wa Roma ya kale, aliandika kwamba inatibu sumu ya nge, na Waislamu wengi, hasa Mashia, huithamini pete yake, ingawa wanazuoni wengi wa hadithi wametilia shaka riwaya zinazosifu kuivaa. Kwa lugha, kito cha namna hiyo ni kinga. Hirizi ni ile yenye maandishi ndani.

Jiwe likivuka kisu, mwombe sonara arekebishe risiti: "pete moja ya fedha, kito cha akiki ya milia".