Uliza Tukujibu: Vijana wanaorusha mpira kwa kasi kwenye kriketi India wanapotelea wapi?

SWALI: Mhariri habari, kila msimu wa IPL, ile ligi ya kriketi ya India, naona kijana mpya anarusha mpira kama risasi, kesho kutwa simuoni tena. Shida ni nini jamani?

JIBU: Ndugu yangu shida ni mwili, vipaji vipo tele. Mcheki Mayank Yadav, 2024 kaanza kuichezea Lucknow, timu ya IPL, mechi mbili za mwanzo kachukua wiketi 3 kila moja (yaani katoa wapigaji watatu) na zote akawa mchezaji bora, mpira wake mmoja ukagonga kilomita 156.7 kwa saa, mechi ya tatu karusha ova moja tu, yaani mipira sita, katoka kaumia. Iliniuma kweli. Ule mguu wa mbele ukitua unabeba uzito mara kadhaa wa mwili wenyewe na mgongo unapinda hapo hapo, na mifupa ya chini ya mgongo wa kijana bado haijakomaa. Hata Bumrah, mrushaji wa kasi wa timu ya taifa ya India, alipasuliwa mgongo 2023, ila alipewa muda akapona vizuri, 2024 akawa mchezaji bora wa Kombe la Dunia la T20. Kwa hiyo mi nina matumaini nao sana, ila wasiharakishwe, waongezewe ova pole pole kwenye Ranji kwanza, yale mashindano ya ndani ya India ya mechi za siku kadhaa.