Nimejifungua, je, presha nayo imeisha?

SWALI: Shikamoo mama mkunga. Niko Kongwa, nina miaka 27. Mimba yangu ya kwanza ilinipandisha presha hadi 170/110, nikaanguka kifafa, nikafanyiwa upasuaji nikiwa na wiki 34. Mtoto alizaliwa na kilo 1.8, sasa ana miezi mitano na anacheka. Vidonge niliacha kichwa kilipotulia. Mama mkwe anasema yalikuwa mashetani, nisithubutu kubeba mimba tena. Itanirudia?

JIBU: Marahaba mwanangu, hongera kwa mtoto. Mkweo simlaumu. Mtu akikakamaa na kutoa povu mbele yako, akili inakimbilia huko. Lakini kile ni kifafa cha mimba. Mishipa inayolisha kondo la nyuma haikutanuka vizuri tangu mwanzo, ndiyo maana mtoto alitoka mdogo.

Kilichonikera ni hivyo vidonge. Niliwahi kumpokea mzazi wa siku tano, kaletwa kwa bodaboda, mshikaki, ndugu wanasema malaria imepanda kichwani. Nikamfunga kitambaa cha mashine mkononi: 180/120. Alikuwa naye ameacha dawa, eti ameshajifungua.

Kesho nenda zahanati upime presha na mkojo. Presha ya mimba hushuka ndani ya wiki 12. Wewe una miezi mitano, kwa hiyo ukikutwa na 140/90 au zaidi, tena zaidi ya mara moja, hiyo si ya mimba tena, ni yako. Ikiwa sawa, bado pima kila mwaka, kwani waliopitia haya hupata maradhi ya moyo na kiharusi karibu mara mbili ya wengine. Na ile chumvi ya kuchovyea embe mbichi, punguza.

Kurudi inaweza, na yako ilikuja mapema, kwa hiyo uwezekano wako umezidi kidogo. Ila wengi hawarudiwi. Pumzika miaka miwili, kovu nalo likomae. Ukikosa hedhi usisubiri tumbo lionekane, kama tulivyozoea huku. Nenda na kadi ya zamani, useme "nilipata kifafa." Kuanzia wiki ya 12 daktari anaweza kukuanzishia aspirini ya dozi ndogo. Kadi hiyo usiifungie vitumbua.

Na hiyo kesho, mchukue mkweo naye akapimwe.