Kilo nzima ya maharage kwenye presha ya lita 5? Zima jiko kwanza

Dada, kama jiko limeshawaka, lizime ndiyo uendelee kusoma.

Umeandika kwamba umenunua sufuria ya presha ya lita 5, unataka kuchemsha kilo nzima ya maharage Jumapili ili wiki nzima uwe unapasha tu. Muuzaji amekwambia ujaze maji karibu na mdomo yasije yakakauka, na ukitaka kuwahi uimwagie sufuria maji ya bomba halafu ufungue. Ukauliza pia aina ya maharage, magadi, tui, na yanakaa siku ngapi kwenye friji. Hayo yatasubiri. Maelekezo ya huyo muuzaji ndiyo yaliyonigharimu mfuniko, taa ya jikoni na ngozi ya mkono wa kulia, na mimi niliuziwa na mtu wa aina hiyo hiyo, anaongea kwa kujiamini kule kule. Mpaka leo mjomba akija kwangu anatazama dari kwanza, salamu baadaye.

Shika hili moja: maharage pamoja na maji yake yasipite NUSU ya sufuria. Robo tatu hapana. "Karibu na mdomo" ndiyo kabisa usiseme hata mbele ya watoto. Vyakula vya kawaida, nyama au viazi, mwisho ni theluthi mbili. Vinavyotoa povu na kuvimba, yaani maharage, kunde, choroko, dengu na mchele, mwisho ni nusu. Hili limeandikwa kwenye kijitabu kinachokuja na sufuria. Shida ni kwamba kijitabu hicho ukikifuata dukani unaambiwa "hizi hazijaja nacho, dada, we pika tu". Hazijaja nacho! Mtu anakuuzia chombo cha presha kama anavyouza sahani.

Fanya hesabu. Kilo ya maharage makavu inachukua takribani lita moja na robo. Yakiloweka na kuiva yananyonya maji ya uzito wake na zaidi, yanafika kama lita 3. Nusu ya sufuria yako ni lita 2 na nusu. Kilo yako imeshapita mstari kabla hujahesabu hata tone la mchuzi. Kwa lita 5 pika nusu kilo: yakiiva yanakuwa kama lita moja na nusu, inabaki lita moja ya maji na nafasi ya povu. Ukitaka kilo, pika mara mbili. Gesi itakayotumika ni kidogo kuliko bei ya mfuniko mpya, niamini kwenye hili.

Sasa kwa nini nusu, maana najua kuna mtu atakuja hapa chini kusema "mbona mimi najaza na sijawahi kupata shida".

Maharage yakichemka yanaachia wanga na protini kwenye maji, ndiyo lile povu zito unaloliona hata kwenye sufuria ya kawaida. Kwenye sufuria ya kawaida linamwagika jikoni, unafuta, maisha yanaendelea. Kwenye presha limefungiwa. Linapanda, linabeba na maganda yaliyobanduka, linafika kwenye kile kijitundu cha katikati ya mfuniko, kile kinachokaliwa na kizito ambacho wengine wanakiita filimbi. Kijitundu chenyewe ni chembamba, ganda moja la haragwe linatosha kukiziba. Kikishaziba mvuke hauna pa kutokea. Tegemeo lako linabaki valvu ya usalama pembeni, yaani mlango wa dharura wa mvuke, na kama ulijaza mpaka mdomoni, hata hiyo ina maganda yanayoisubiri.

Na hapa ndipo watu tunapoumia, soma polepole. Tundu likiziba, sufuria INANYAMAZA. Haipigi filimbi, haitoi mvuke, kizito kimetulia. Umezima jiko, unasubiri dakika kadhaa, unainua kizito kwa mwiko, husikii "shhh" yoyote. Akili inakwambia presha imeisha. Presha haijaisha, imekosa njia tu. Unashika mpini, mfuniko hauzunguki, unasema "hii mpya bado ngumu", unatafuta mchi au unamwita shemeji mwenye nguvu.

Mfuniko kugoma ndiyo onyo lenyewe. Presha ya ndani inaubana. Sufuria hizi zikichemka zinafika presha ya takribani kilo moja kwa kila sentimita mraba juu ya ile ya hewa ya nje. Mfuniko wa kipenyo cha sentimita 20 una eneo la sentimita mraba 314. Kwa hiyo kuna nguvu ya zaidi ya kilo 300 inayousukuma, magunia matatu ya mahindi, na wewe umeukaribia kwa uso na kanga mkononi. Shemeji akifanikiwa kuuzungusha, si kwamba amefungua sufuria. Ameachia magunia matatu.

Kingine ambacho hakuna anayekwambia: mvuke wa juu si tatizo kubwa kuliko mchuzi wa chini. Chini ya presha hiyo maji yanafika nyuzi karibu 120 bila kugeuka mvuke. Ukifungua ghafla, maji hayo hayaruhusiwi tena kuwa 120, lazima yashuke mpaka 100, na lile joto la ziada linageuza sehemu yake kuwa mvuke papo hapo. Kwa kila lita ya mchuzi ni kama gramu 37, vijiko viwili na nusu vya chakula. Utaona kidogo, lakini maji hayo yakiwa mvuke yanataka nafasi ya lita 60 hivi, na yanageukia hukohuko ndani, katikati ya maharage. Ndiyo maana sufuria nzima inaruka juu na haibaki kitu. Halafu maharage yaliyoiva yana wanga, yanaganda kwenye ngozi na yanaendelea kuunguza. Maji yangechuruzika.

Denis Papin, Mfaransa aliyeionyesha sufuria ya namna hii London mwaka 1679, ndiye anayetajwa kwa kuiwekea valvu ya kupunguzia mvuke. Zaidi ya miaka 300 baadaye kuna mtu yuko dukani anakwambia "jaza tu".

Na lile la bomba. Kuna sufuria ambazo kijitabu chake kinaruhusu kuzipoza kwa maji, kwa mboga au kitu chepesi. Maharage usifanye. Maji baridi yanapoza mvuke wa juu kwa haraka, presha inaanguka, lakini maharage chini bado yako na joto lake lote, kwa hiyo yanaanza kuchemka kwa fujo kuliko mwanzo na povu linakimbilia juu moja kwa moja kwenye tundu. Ukaliziba mwenyewe, kwa mkono wako, dakika moja kabla ya kufungua. Kuinua kizito kwa uma ili "kutoa upepo", kama wanavyofanya kwenye video, matokeo ni hayo hayo, na nyongeza ni uji wa maharage ukutani.

Fanya hivi.

Kabla ya kupika, toa kizito, nyanyua mfuniko uelekee dirishani, chungulia tundu. Lazima uone mwanga. Huoni? Pitisha waya mwembamba, suuza, chungulia tena. Kila mara, hata kama ulipika jana. Kagua na mpira wa mfuniko: ukiwa mgumu, umepasuka, au umelegea haukai kwenye mfereji wake, nunua mwingine. Ukioshwa upakwe mafuta kidogo unadumu.

Loweka nusu kilo kwenye lita 2 za maji na kijiko kikubwa cha chumvi, usiku kucha, yaani muda wa masaa 8 hadi 12. (Ndiyo, chumvi. Inasaidia ganda kulainika. Vinavyochelewesha maharage kuiva ni vitu vichachu kama nyanya, ndimu na ukwaju, hivyo subiri yaive. Wanaotaka kubishana kuhusu chumvi wafungue uzi wao.) Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, weka kwenye presha, ongeza maji mapya yapite maharage kwa vidole viwili. Angalia mstari wa nusu. Ongeza kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula, kinapunguza povu. Kinapunguza, hakiondoi, kwa hiyo usikitumie kama kibali cha kujaza.

Chemsha bila mfuniko kwanza, dakika tano hivi, engua povu la juu. Funika, subiri mvuke utoke mfululizo kwenye tundu, ndipo uweke kizito. Kikianza kupiga, punguza moto uwe mdogo kabisa, kiwe kinapumua tu. Hesabu dakika kuanzia hapo, usihesabu filimbi. "Filimbi nne" za moto mkubwa na "filimbi nne" za moto mdogo ni vitu viwili tofauti kabisa. Yaliyoloweka, dakika 15 zinatosha kwa mengi. Ya zamani, yaliyokaa ghalani msimu mzima, 20 hadi 25. Hayajaiva? Rudisha tena dakika tano, baada ya kupoa na kukagua tundu upya.

Zima. Kama ni gesi, iache hapo hapo. Kama ni mkaa, ishushe taratibu kwa mikono miwili bila kuitikisa, maana mkaa hauzimwi na presha itaendelea kupanda. Kisha ondoka jikoni. Kafue, kasali, kapige soga. Dakika 20 kwa uchache. Ukirudi, inua kizito kidogo kwa mwiko mrefu, uso uwe mbali. Ikilia, kiachie, ondoka tena. Isipolia, jaribu mfuniko kwa nguvu ya kawaida, ile unayotumia kufungua chupa ya maji. Ukigoma, USISHINDANE NAO. Acha saa nzima, acha mpaka sufuria yenyewe ukiigusa chini ni baridi kabisa. Ikipoa kabisa mvuke wote umerudi kuwa maji, hakuna cha kukurukia. Mlo ukichelewa kuna mkate na chai.

Mwingine ninayemdai ni fundi. Valvu ya usalama kwenye sufuria nyingi ina kipande kinachoyeyuka sufuria ikikauka maji na kupata joto kupita kiasi. Ikishayeyuka haitengenezwi, inabadilishwa, na inayolingana na sufuria hiyo. Kuna mafundi wanaziba pale kwa skrubu na mpira wa tairi, wanakwambia "sasa haivuji tena". Haivuji kweli! Wameondoa mlango wa dharura. Ukinunua ya mtumba, geuza mfuniko utazame. Ukiona skrubu, rudisha.

Mtu akiungua: maji ya bomba yanayotiririka, ya kawaida, yasiwe ya barafu, dakika 20 kamili. Vua pete na bangili kabla hakujavimba. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiing'oe. Dawa ya meno, unga, yai, asali, majivu, hapana. Funika kwa nailoni safi ile ya kufungia chakula, au kitambaa safi, nenda hospitali kama ni uso, kiganja, kiungo, au eneo kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua.

Magadi: kwa presha huyahitaji. Yanalainisha kweli, lakini yanabandua maganda, na maganda yanaenda wapi nimeshaeleza. Wanaoishi Mbeya au Nairobi ndiyo wanaoyaona ya lazima kwenye sufuria ya kawaida, kwa sababu kule juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi na maharage yanakaa jikoni mpaka mtu anakata tamaa. Presha inafuta sehemu kubwa ya tofauti hiyo.

Tui lisiingie kwenye presha. Linatoa povu lake na linakatika. Chemsha maharage, hamishia sufuria nyingine, kaanga kitunguu, nyanya, kisha maharage, tui jepesi lichemke, tui zito mwisho huku unakoroga.

Aina za maharage na siku za friji, wengine watakujibu. Wewe sasa hivi pima lita 2 na nusu za maji kwa kikombe, mimina kwenye hiyo presha, simamisha mwiko ndani mpaka uguse chini, maji yalipoishia kata alama kwa kisu. Ndio mwiko wako wa maharage kuanzia leo, usikoroge nao mboga ukausahau kwa jirani.