Chen, Tan na Chan: sauti tatu, herufi moja

SWALI: Nasoma Singapore. Darasani nina Chen wa Beijing, Tan mwenyeji wa hapa, na Chan wa Hong Kong. Juzi wameniambia jina lao la ukoo ni moja. Inawezekanaje? Na maana yake ni nini?

JIBU: Hawakutanii, ndugu yangu. Waombe waliandike kwa mkono, utaona 陳, au 陈 kwa maandishi yaliyorahisishwa. Herufi ni ileile, ila kila lugha huitamka kivyake: Kimandarini Chen, Kikantoni Chan, Kihokkien Tan. Ukifika Vietnam utaikuta kama Trần, ukoo uliotawala huko tangu 1225 hadi 1400. Hata Jackie Chan alizaliwa Chan Kong-sang, ingawa babake asili yake ni Fang. Baba ndiye aliyebadili jina ukubwani.

Nilipokuwa nasoma Guangzhou, mama mwenye nyumba wangu alikuwa Chan. Siku ya kwanza alinyoosha kiganja akachora kwa kidole: kushoto kitu kama sikio, kulia neno “mashariki”. “Chan wa sikio na mashariki,” akasema, na ndivyo wenye jina hilo wanavyojieleza hadi leo. Lile sikio, kwa kweli, ni alama ya kilima.

Katika usemi wa kawaida neno hilo lina maana ya kupanga vitu vionekane, tena kitu cha siku nyingi, kama pombe iliyokomaa. Lakini usilitafsiri jina la rafiki yako hivyo. Jina limetokana na mahali. Wachina husimulia kwamba mfalme Wu wa Zhou, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, alimpa Gui Man, mzawa wa mfalme Shun wa kale, eneo la Chen, Huaiyang ya leo mkoani Henan. Mwaka 672 kabla ya Kristo mwana wa mtawala wake, Chen Wan, alikimbilia nchi ya Qi akiwa na jina la kwao. Karne mbili baadaye nchi ya Chu ikaimeza Chen. Nchi ikafutika, watu wakaendelea kuitwa kwa jina lake.

Ukipita Guangzhou, ingia kwenye jumba la mababu wa akina Chen, lililokamilika 1894 kwa michango ya wenye jina hilo kutoka wilaya nyingi za Guangdong. Nenda asubuhi, uinue macho utazame sanamu za udongo zilizojaa kwenye paa.