Jibu: USB-6008 inasoma volti 1.4 tu, betri iwe imeunganishwa au la

Ndugu wa Mbozi, umeuliza kwa nini USB-6008 yako, kifaa cha kupimia volti kwa kompyuta, inasoma 1.4 daima. Hiyo 1.4 haitoki kwenye betri ya sola ya kikaushio chako cha kahawa. Ndiyo inayoonekana kwenye kifaa hicho mlango wa kupimia ukiwa mtupu. Umechomeka waya tundu la 3 huku programu ikisoma mlango wa ai1 kwa RSE, yaani volti ya tundu moja ikilinganishwa na GND (ardhi ya kifaa). Kwa RSE tundu la 3 ni ai4, na ai1 ni tundu la 5.

Lakini usihamishe waya tu! Betri ya volti 12 ikichajiwa hufika 14.4, na RSE inaishia volti 10. Igawe kwa 4: chukua rezista 4 za 1 kΩ, zifuatane, kisha pima kwenye ile ya mwisho upande wa hasi. Usiweke 30 kΩ na 10 kΩ kwa kuokoa umeme. Mlango wenyewe una ukinzani wa 144 kΩ, kwa hiyo usomaji utashuka kwa asilimia kadhaa, nawe utadhani betri imechoka.

Kisha acha RSE, utumie DIFF, yaani kupima tofauti ya volti kati ya matundu mawili; kwa DIFF, ai0 ni tundu la 2 na la 3. Tundu la 2 liende kwenye kiungo cha rezista ya tatu na ya nne, la 3 kwenye hasi ya betri, na la 1, yaani GND, pia kwenye hasi. Kwenye programu ya Python andika:

`task.ai_channels.add_ai_voltage_chan("Dev1/ai0", terminal_config=TerminalConfiguration.DIFF, min_val=-5, max_val=5)`

Soma sampuli 1000 kwa kasi ya 1000 kwa sekunde, tafuta wastani, zidisha kwa 4. Sekunde kamili inabeba mizunguko 50 ya umeme wa gridi, hivyo mvumo wake unajifuta.